Mzigo Uliotuliwa Gongoni

Kwanza Mwanne alisikia harufu ya jasho. Lilikuwa jasho la mwanamume aliyetembea sana, limechanganyika na vumbi na tumbaku kali, likinuka ndani ya chumba ambacho hakikuwa na mtu ila yeye na mwanawe mchanga, Mabruki. Yahaya, mumewe, alikuwa ameshatoka kwenda msikitini kuswali adhuhuri, na isitoshe hakuwa mvutaji. Mwanne akanusa kanga yake. Akainama akamnusa mtoto aliyelala mkekani, akasikia maziwa tu. Akasukuma dirisha, jua la Tabora likaingia na weupe wake wote, naye akarudi kukaa na kuendelea kushona vigunia.

Vigunia hivyo vilikuwa vidogo, kila kimoja hakizidi kidole gumba. Vilikuwa shehena ya treni ya Yahaya.

Mwaka ule reli mpya ya kwenda Mpanda ilikuwa ikijengwa kutoka Kaliua, na mabehewa makuukuu ya wakati wa Mdachi yalikuwa yakibebeshwa mataruma ya kulazia reli mpaka yanavunjika. Mzungu mmoja wa reli, mtu mpole aliyependa vitu vya zamani, aliona si vizuri yapotee bila kuacha sura. Akamwomba Yahaya, fundi seremala wa mtaa wa Gongoni, amtengenezee mfano wa kila behewa pamoja na mzigo wake, ili aende nao Dar es Salaam kwenye maonyesho. Yahaya akaifanya kazi hiyo kama mtu anayemjengea mwanawe nyumba. Mbao alichonga za mninga, mapaa akakata kwa bati la debe, ekseli akatumia spoku za baiskeli. Katika behewa la chumvi alitia chumvi halisi ya Uvinza. Katika behewa la nta alitia nta. La pembe za ndovu alilifanya la mwisho, akachonga pembe ndogo ndogo kwa mfupa wa ng'ombe, akazisugua mpaka zikang'aa.

Ila mabehewa yalikuwa mepesi mno. Ukiyasukuma juu ya ubao wenye reli za waya, yaliruka njia na kuanguka.

"Yanataka uzito chini ya shehena," Yahaya alisema. "Kitu kidogo, lakini kizito."

Siku moja alikwenda kutafuta mbao upande wa Kwihara, akarudi na mfuko wa vijiwe laini vilivyolingana kama vimechaguliwa kwa mkono. Mwanne alipomwuliza amevipata wapi, akamwambia amevitoa kwenye lile lundo kando ya njia ya zamani ya misafara ya Ujiji.

"Lundo la wapagazi?" Mwanne akauliza.

"Ndiyo. Si mawe tu, mke wangu?"

Mama yake Mwanne alikuwa Mnyamwezi, na kwao kila mtoto alijua habari ya lundo lile. Mpagazi aliyepita hapo na mzigo kichwani aliokota jiwe, akalitemea mate, akalitupa juu ya mengine, ili uchovu wake ubaki pale na yeye aendelee. Lakini Yahaya alikuwa amerudi amechoka, miguu imejaa vumbi, naye Mwanne akaona vibaya kumkera. Akampelekea maji ya kunawa. Vijiwe vikaingia chini ya chumvi, chini ya nta, chini ya pembe.

Sasa, adhuhuri hii, alikuwa amebakiza vigunia vichache. Uzi ulikuwa kati ya midomo yake aliposikia mlio mwembamba wa njuga, kama zile wanazofunga wacheza ngoma miguuni, ukija kwa hatua nzito. Ukakoma mlangoni.

"Mwangaluka, mayu," sauti ikasema, ikimwamkia mama kwa Kinyamwezi. "Nitue."

Kuna wauza kuni, wauza mkaa, watu wa asali kutoka porini, na Mwanne hakupata kumwacha hata mmoja wao amesimama na mzigo mlangoni pake. Alikuwa akitafuta tundu la sindano. Hakuinua uso.

"Karibu," akasema. "Pole na mzigo. Tua hapo ndani, upumzike."

Kitu kikapita karibu naye. Upepo wa moto ukamgusa shavuni, harufu ya jasho ikajaa chumba, kisha sakafu ikapiga kishindo kikubwa hata mabehewa yote juu ya ubao yakabingirika yenyewe mpaka mwisho wa reli. Mwanne akainua uso. Mlangoni palikuwa na jua tupu. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba ile ilikuwa salamu ya asubuhi, na asubuhi ilikuwa imekwisha zamani.

Mkekani, Mabruki akatoa pumzi moja ndefu, kama mtu aliyekaliwa.

Alipokwenda kumnyanyua, hakunyanyuka.

Akajaribu tena kwa mikono miwili, akapiga magoti, akamwinua kwa shida kama anayeinua mtungi uliojaa. Mtoto alikuwa yule yule, na mikono yake myembamba na kidevu chake chenye kishimo. Macho alikuwa ameyafungua, akimtazama mama yake bila kulia.

Jioni Josepha, jirani yake, akaja na kibakuli cha uji wa ulezi kama alivyozoea tangu Mwanne alipojifungua. Josepha alikuwa mke wa mfanyakazi wa reli, mtu wa Kigwa, Mkatoliki mwenye sauti kubwa na mikono isiyotulia. Akapokea mtoto, na mikono yake ikashuka ghafla.

"Ee, mama Mabruki! Unamlisha mawe huyu?" Akacheka. Kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha kucheka. "Mgonjwa?"

"Sijui."

"Ana homa?"

"Hana. Mzito tu."

Josepha akamlaza taratibu, akampapasa kifua. Juu ya bega la kulia la mtoto ngozi ilikuwa imechubuka, mstari mmoja mpana, kama bega la mchukuzi. "Nani amemfunga kamba?" akauliza kwa sauti ya chini. Mwanne akatikisa kichwa. Hakumwambia habari ya mgeni wa adhuhuri. Aliona aibu, maana kinywa kilichomkaribisha kilikuwa chake. Josepha hakumbana kwa maswali. Akaosha vyombo vyote vilivyokuwa uani, akateka maji, akaondoka.

Kesho yake kamba za kitanda zilikatika chini ya mtoto. Kesho kutwa mbeleko ikachanika katikati, Mwanne akamdaka mwanawe kwa goti, na goti likavimba. Kila adhuhuri ilipofika harufu ile ilirudi, na kila iliporudi Mabruki alizidi uzito, pumzi zake zikawa fupi, maziwa yakamtoka pembeni mwa mdomo kwa sababu kifua kilikosa nafasi ya kumeza. Wakamlaza chini, juu ya mkeka, nao wakalala chini pamoja naye. Yahaya alikaa saa nyingi akimpepea kwa kipande cha bati alilokatia paa la behewa.

"Ni mimi, Yahaya," hatimaye Mwanne akanong'ona. "Nilimwambia atue. Sikumtazama."

Yahaya akaendelea kupepea. "Na mimi ndiye niliyemleta," akasema. "Tusigombanie hilo."

Wakamwita Mwalimu Songoro, aliyefundisha watoto Kurani chuoni nyuma ya soko, wakamweleza habari ya mgeni na ya vijiwe. Mwalimu alivua viatu mbali, nje kabisa, asije akamshtua mtoto. Akafukiza ubani, akakaa karibu na mkeka, akasoma. Alisoma mpaka shingo yake ikalowa. Mwanne alikuwa ameona watu wa majini wakisomewa, wakipiga kelele na kurusha mikono, naye akasubiri kelele hizo. Hazikuja. Kulikuwa na mlio wa njuga tu, mara moja moja, kama mtu aliyekaa chini anayebadilisha mguu.

Mwalimu akafunga msahafu.

"Nimewasomea wengi, mwanangu," akamwambia Mwanne kwa sauti ya chini. "Wengine hutukana, wengine hukimbia. Huyu ameitikia salamu yangu. Amekaa pale mlangoni, anasikiliza, kama mtu aliyefurahi kupata kivuli."

"Anataka nini, Mwalimu?" Yahaya akauliza.

"Hataki kitu. Alikuwa na mzigo, ameutua." Akamtazama mtoto, macho yakamlegea. "Rudisheni yale mawe yalikotoka. Hayo ndiyo yaliyomwonyesha njia. Ila simwoni akiyafuata. Aliambiwa atue na mwenye nyumba, na mpagazi akishatuliwa hauinui tena mzigo wake peke yake. Lazima awepo wa kumtwika."

"Basi mimi nitamtwika," Yahaya akasema.

"Aliyemtua ni mkeo."

Asubuhi Yahaya akafungua mabehewa yote, akatoa kila kijiwe, akazirudisha shehena mahali pake kwa mchanga wa uani chini yake. Behewa la pembe aliliacha tupu, maana pembe zilimtia woga. Akapanda baiskeli kwenda Kwihara. Mwanne akabaki na mtoto ambaye sasa alikuwa akipumua kama panzi aliyefungwa katika kiberiti, na midomo yake imeanza kuwa na rangi ya majivu. Akajua Yahaya hatawahi kurudi kabla ya adhuhuri. Akajua pia kwamba mtoto hataivuka adhuhuri hii.

Akafagia chumba. Akateka maji ya kunywa, akayaweka katika kata safi kando ya mlango. Halafu akakaa.

Kivuli cha nyumba kikajikunja mpaka ukutani. Muadhini akaadhini, na sauti yake ilipokwisha, harufu ikaingia.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba," Mwanne akajibu, na mara hii akainua uso, akatazama.

Hakuona mtu. Aliona mahali ambapo jua lilikosa kupita, pamekaa pamejikunja kando ya kizingiti, na chini yake vumbi la sakafu lilikuwa na alama za nyayo pana zilizopasuka visigino. Maji katika kata yalikuwa yakipungua.

"Mzigo wako unakwenda wapi, baba?"

"Pwani."

"Mbona umekaa?"

"Sina wa kunitwika. Wenzangu walinipita. Mwenye msafara alisema wasinisubiri." Sauti haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtu anayeeleza kwa nini amechelewa. "Niliita. Nikaita sana, mayu. Wewe ndiye uliyeniambia nitue."

Machozi yakamtoka Mwanne, nusu kwa woga na nusu kwa kitu kingine, na hakutaka kukipa jina kitu hicho, maana mtoto wake alikuwa anakufa chini ya mzigo ule.

"Baba, umeutua juu ya mwanangu."

"Sikuona," sauti ikasema. "Jua lilikuwa kali."

"Nitakutwika. Lakini njia ile haipo tena, baba. Misafara imekwisha. Siku hizi mizigo yote ya pwani inakwenda kwa gari la moshi, hakuna anayeweka kichwani." Akavuta ubao wenye reli, akasukuma behewa la pembe, tupu, mpaka karibu na mkeka. "Gari lenyewe ni hili. Linaondoka Ijumaa. Weka humu, nalo litaufikisha."

Alijua kwamba anamwonyesha mtu mzima kitu cha kuchezea. Hakuwa na kingine. Njuga zikalia, zikasogea, na pale ambapo jua halikupita palihama kutoka kizingitini mpaka upande wa pili wa mkeka, na Mwanne akahisi anaangaliwa kwa karibu, kwanza yeye, kisha behewa, kisha magurudumu yake moja baada ya jingine.

"Halichoki?"

"Halichoki, baba."

"Basi shika kwako," sauti ikasema.

Mwanne akanyoosha mikono juu ya kifua cha mwanawe, pale ambapo macho yake yaliona hewa tupu, na vidole vyake vikakuta kitu baridi na laini, kinene kama paja la mtu, kimepinda, kimefungwa kamba za ngozi zilizolowa jasho, naye akakikumbatia, na upande wa pili akasikia pumzi ya anayeshika mwenzake, wakainua pamoja, na uzito ule ukamshuka mabegani ukaingia mgongoni ukampita kiunoni pale palipokuwa bado hapajapona tangu azae, goti lake bovu likalia, macho yakaingia giza, lakini hakuachia, akawaza tu kwamba mwanawe mchanga amelaliwa na hiki kifuani siku zote hizi bila kulia, na wakakisogeza, kidogo, kidogo tena, na katika kukisogeza vidole vyake vikagusana na vidole vingine, vikavu, virefu, ambavyo havikumshika wala kumdhuru bali vilijisogeza pembeni kwa adabu kumwachia nafasi nzuri ya kushikia, hata wakafika juu ya behewa, wakakishusha.

Mbao za mninga zikalia. Spoku za ekseli zikapinda kama majani. Behewa likazama kwenye reli zake za waya, likasimama.

Na Mabruki akalia. Akalia kwa kifua kizima, kilio kikubwa cha hasira, uso mwekundu, miguu ikipiga hewa. Mwanne akamnyakua kwa mkono mmoja, akaanguka naye chali, kwa sababu alitumia nguvu nyingi kwa kitu chepesi.

"Ahsante, mayu," sauti ikasema, tayari iko nje, na mlio wa njuga ukaenda zake polepole kuelekea upande wa stesheni.

Ijumaa hiyo sanduku la treni ya Yahaya lilichukuliwa. Vibarua wa reli walitukanana kidogo wakilipandisha kwenye mkokoteni, mmoja akauliza kama fundi ametia chuma. Yahaya alikwenda nao mpaka stesheni, akasimama mpaka gari likaondoka kwenda pwani. Aliporudi alimkuta Mabruki ananyonya, akakaa karibu na mlango na kushika mguu mmoja wa mwanawe, akaushika tu. Mwalimu Songoro alipita kuwajulia hali, akakataa chakula, akakubali chai. Wakaazimia jambo moja. Habari ile haitatoka nje ya nyumba, mtoto asije akaitwa mtoto wa majini.

Zikapita siku. Mchubuko wa begani ukapona. Mabruki akanenepa kwa unene wa kawaida, ule wa mashavu.

Adhuhuri moja Mwanne alikuwa uani jikoni, amepakua ugali, na Josepha alikuwa ndani mkekani anacheza na mtoto. Alikuwa akimrusha juu na kumdaka, Mabruki akicheka mpaka anakwama.

"Tazama mwanao, kawa unyoya," Josepha akapaza sauti. "Yule tembo wenu mmempeleka wapi?"

Mwanne akacheka. Kisha akaacha, kwa kuwa upepo uliotoka upande wa njia ulikuwa umeleta harufu. Hii haikuwa harufu ya mtu mmoja. Ilikuja kama zizi linapofunguliwa, majasho juu ya majasho, ngozi, tumbaku, vidonda vya miguu, na nyuma yake njuga, si zile za hatua moja, bali njuga nyingi zikifuatana, zikipinda kona ya nyumba, zikipita ukutani, zikiendelea kuja na zile za mbele zimekwisha kusimama, mpaka ikawa hakuna sehemu ya ua isiyolia. Mwiko ukamtoka mkononi. Akataka kukimbia, lakini mlango wa kutokea njiani ulikuwa ule wa mbele, na wao walikuwa wamesimama hapo.

"Mwangaluka, mayu," sauti zikasema, za chini, za watu waliochoka, wenye adabu. "Tumesikia hapa watu wanatuliwa."

Mwanne akaweka viganja vyote viwili juu ya kinywa chake. Akabana mpaka meno yakamchana mdomo. Hatajibu, hata wakae hapo mpaka magharibi, hata wakae mwaka. Kwa mlango wa nyuma alimwona Josepha ndani, mgongo umeelekea barazani, uso wote uko kwa mtoto, mikono imenyooka juu, na Mabruki yuko hewani anacheka.

Josepha, ambaye hakuna aliyemwambia kitu, ambaye alikuwa mwema kuliko wote katika mtaa ule, hakugeuka kutazama.

"Karibuni, jamani," akaitikia. "Poleni na safari. Ingieni mtue."

Mabruki akashuka mikononi mwake, naye akamdaka, na mikono yake haikusimama pale ilipozoea kusimama. Ikaendelea kwenda chini, na Josepha akiitazama kwa mshangao, mpaka migongo ya vidole vyake ikagusa sakafu, na nje mpagazi wa pili akawa anasogea mlangoni kwa zamu yake.